Vumbi Jichoni: Filamu ya Magari Inavyomliza Mwanaume Mzima

Visingizio ni vilevile kila mahali. Vumbi limeingia jichoni. Feni inapuliza usoni. Nani anakata vitunguu humu ndani? Mtu amekaa kutazama magari yakiruka kutoka ghorofa moja hadi jingine, anajua fika hakuja kulia, na dakika tano za mwisho anainamia simu isiyo na ujumbe wowote ili wenzake wasimwone uso.

Kazi yangu ni kuhariri filamu: kukata, kuunganisha, kupanga sauti. Wengi hudhani wahariri tunawaliza watu kwa huzuni: weka kifo, weka kinanda, subiri. Sivyo. Huzuni tupu humchosha mtazamaji, na ikizidi humfanya aangalie saa. Machozi, hasa yale ya aibu yanayomkuta mtu hajajiandaa, hutoka pale wema mdogo unapojitokeza katikati ya hasara, na wema huo uwe umetayarishwa mapema bila mtazamaji kujua kuwa anatayarishwa. Nitapitia filamu chache ambazo wengi wameziona, kisha nieleze kinachofanyika mezani na namna kinavyoharibika.

Koo kwanza, jicho baadaye

Kabla ya chozi kuna donge. Hisia zinapopanda, neva zinazoendesha mambo yasiyo ya hiari hupanua mlango wa hewa kooni ili pumzi ipite kwa wingi. Ukijaribu kumeza mate wakati huohuo, misuli inataka kuufunga mlango uleule ambao mwili umeamua uwe wazi. Mvutano huo ndio donge la koo; hakuna kitu kilichokwama. Baada yake tezi za machozi, ambazo zimekaa juu ya macho upande wa nje, humwaga zaidi ya kile ambacho vijifereji vya pembe ya ndani vinaweza kukipeleka puani. Ndiyo maana mtu anayejikaza huanza kuvuta kamasi kabla shavu halijalowa. Ukitaka kujua nani analia ukumbini gizani, sikiliza pua.

Muda kati ya donge na chozi ndio mali ya mhariri. Ni sekunde chache tu. Mtazamaji akipewa jambo jipya la kufikiria ndani ya sekunde hizo, yaani mhusika mpya, jibu la fumbo, au hata mkato wa ajabu unaomfanya ajiulize yuko wapi, donge linashuka na halirudi kirahisi. Karibu kila ninachokieleza hapa chini kinahusu kuulinda muda huo.

Staringi hafi

Watazamaji wa Afrika Mashariki wana kanuni ya kale kuliko vitabu vyote vya uandishi wa skripti: staringi hafi. Adui hata awe na bunduki mia, staringi anapigwa risasi ya bega, anafunga kitambaa, anaendelea. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini *Furious 7* ya mwaka 2015, filamu ya saba katika mfululizo wa magari wa *Fast & Furious*, iliwaliza watu ambao hawajawahi kulia mbele ya kioo.

Paul Walker, aliyecheza Brian tangu filamu ya kwanza ya mwaka 2001, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 30 Novemba 2013, kazi ya kurekodi ikiwa haijakamilika. Mwongozaji James Wan na wenzake walikuwa na njia rahisi mbele yao: muue Brian ndani ya hadithi, piga mazishi, liza watu. Hawakuifuata. Waliwatumia ndugu zake wawili, Caleb na Cody, kama miili ya kusimamia, wakaweka uso wake kwa kompyuta, wakampa Brian familia na ufukwe wa bahari. Staringi hakufa. Aliyekufa ni mtu, na kila aliye ukumbini anajua. Filamu haisemi neno hilo hata mara moja, na kwa sababu haisemi, mtazamaji ndiye anayebaki nalo mdomoni.

Tazama mpangilio wa dakika zile. Kwanza wenzake wamekaa mchangani wanamtazama akicheza na mke na mtoto. Wanaongea machache, na kila sentensi ina maana mbili. Kisha Dom, shemeji yake Brian, anaondoka bila kuaga. Hapo filamu imemnyima mtazamaji kitu anachokitaka: kwaheri. Sekunde chache baadaye Toyota Supra nyeupe inasimama ubavuni mwa gari la Dom, na Brian anamuuliza kama alidhani ataondoka bila kuaga. Kilichonyimwa kinarudishwa, na anayekirudisha ni yule ambaye hawezi kurudi. Donge linapanda hapohapo, si baadaye wimbo unapokolea.

Ndipo zinakuja picha za filamu zilizopita. Mhariri mvivu angezitumia kama albamu ya msibani. Hapa zinafanya kazi ya ushahidi: kwa mtazamaji aliyeanza mwaka 2001 hiyo ni miaka 14 ya maisha yake mwenyewe, na anapomwona Brian kijana anajiona na yeye kijana. Mwisho magari mawili yanaendeshwa sambamba, barabara inagawanyika, jeupe linachukua njia yake. Kamera haimfuati yeyote. Inainuka, picha inakuwa nyeupe, na maneno mawili yanatokea kumtaja Paul. Hakuna king'ora wala jeneza, na hakuna mtu anayelia ndani ya picha. Shika jambo hilo la mwisho, nitalirudia.

Aibu inatokana na mkataba. Ukikata tiketi ya filamu ya msiba, moyo umeshafunga mlango na kuweka komeo. Ukikata tiketi ya magari, mlango uko wazi kwa sababu hukutarajia mgeni. *Terminator 2* ya mwaka 1991 ilifanya jambo hilohilo kwa roboti: mashine isiyoweza kulia inamwambia mtoto kwamba sasa inaelewa kwa nini binadamu hulia, kisha inashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka huku kidole gumba kikiwa juu. Kidole gumba cha chuma! Ukimweleza mtu asiyeiona, atakucheka.

Dakika nne bila neno

Katuni ndizo zinazoongoza kwa kuwafedhehesha watu wazima, na shule ya somo hili ni *Up* ya Pixar, iliyoongozwa na Pete Docter na kufungua tamasha la Cannes mwaka 2009. Kipande kinachozungumzwa ni ndoa ya Carl na Ellie, kutoka harusi hadi mazishi, ndani ya dakika nne na ushee, bila neno lolote la mazungumzo.

Watu husema wanalia kwa sababu Ellie anakufa. Nina shaka. Angalia vitu vilivyopangwa. Kuna mtungi wa akiba ya safari, ambao unavunjwa mara gari linapopata pancha, mara Carl anapovunjika mguu, mara mti unapoangukia paa. Kila ukivunjwa tunacheka kidogo, maana sote tunaujua mtungi huo; kwetu unaitwa kibubu. Kuna tai anayofungwa Carl shingoni na Ellie asubuhi baada ya asubuhi, rangi zikibadilika na miaka ikipita. Kuna kilima wanachopanda kwenda kulala chini ya mti: mwanzoni Ellie anatangulia mbio, mwishoni ndiye anayeanguka njiani. Huhitaji daktari akwambie. Kilima kimekwambia.

Kitu kinapoonekana mara ya kwanza ni taarifa. Mara ya pili ni mazoea. Mara ya tatu, kikiwa kimebadilika kidogo tu, ni pigo. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya kazi katika filamu nyingi za namna hii, na haina uhusiano na bajeti.

Muziki wa Michael Giacchino, uliopata tuzo ya Oscar, unafuata hesabu ileile. Ni wimbo mmoja wa mapigo matatu, mwepisi, karibu wa kuchezea dansi. Habari mbaya inapokuja haletewi mtazamaji wimbo wa huzuni. Analetewa wimbo uleule wa furaha, umepunguzwa mwendo, vyombo vingine vimenyamazishwa, kimebaki kinanda peke yake. Sikio linakumbuka ulivyokuwa. Mtafiti wa muziki John Sloboda aliwahi kuwauliza wasikilizaji 83 ni sehemu zipi hasa za nyimbo zinazowatoa machozi, na matokeo yake ya mwaka 1991 yalionyesha kwamba sehemu hizo mara nyingi zina noti inayotua kwanza pembeni ya mahali pake, ikamkwaza sikio, ndipo ikarudi nyumbani. Kuchelewa, kisha kufika. Ni hadithi ya Supra nyeupe ikisimuliwa kwa noti mbili.

Lakini ukikaa na watu wakati wa *Up* utagundua kwamba wengi huvumilia dakika zile nne. Wanaanguka baadaye sana, Carl anapofungua kitabu cha Ellie cha matembezi. Tangu mwanzo yeye na sisi tunaamini kurasa za mambo ambayo Ellie alipanga kuyafanya zimebaki tupu, kwa sababu safari haikufanyika. Anafunua: zimejaa picha za ndoa yao. Kisha maandishi ya Ellie ya kumshukuru kwa safari, na kumwambia aende akaanze nyingine. Hakuna aliyekufa katika tukio hilo. Kuna mzee, kiti na kitabu. Kilichotokea ni kwamba hasara tuliyoibeba kwa zaidi ya nusu saa imegeuzwa jina na marehemu mwenyewe, ikaitwa zawadi.

*The Lion King* ya mwaka 1994 hutajwa sana kwetu, na msemaji wa Kiswahili anaiangalia kwa faida na hasara yake. Faida: tunajua Rafiki ni rafiki, na kwamba Sarabi, jina la mama, ni mazigazi ya jangwani. Hasara: simba anaitwa Simba na ngiri anaitwa Pumbaa, hivyo nusu ya heshima imepotea mlangoni. Bado watu wanalia, na hawalii Mufasa, baba yake Simba, anapoanguka, hapo wanashtuka. Wanalia pale mtoto, akiwa ameshamsukuma baba na kumvuta sikio bila jibu, anapojiingiza chini ya mkono wake na kulala. Mtoto amejitengenezea kumbatio ambalo hawezi kupewa tena.

Machozi yasiyo na msiba

Kama maelezo ya huzuni yangetosha, *Paddington 2* ya mwaka 2017 isingemliza mtu. Dubu mdogo wa London anataka kumnunulia shangazi yake kitabu cha picha kwa ajili ya siku yake ya kutimiza miaka 100, ili bibi huyo aliyebaki Peru aione London angalau kwenye karatasi. Mambo yanaharibika, anafungwa jela, anaokolewa. Mwishoni kitabu kimekosekana. Anafungua mlango wa nyumba na shangazi mwenyewe amesimama nje. Aliomba picha, akaletewa mtu. Hafi mtu, na bado watu wenye ndevu wanatafuta vumbi la kusingizia.

Picha za Kihindi, ambazo Waswahili wamelelewa nazo tangu enzi za majumba ya sinema ya mjini, zinaijua mbinu hii kuliko Hollywood. *Bajrangi Bhaijaan* ya mwaka 2015 ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, na katika muda wote huo msichana mdogo wa Kipakistani aliyepotea India hatoi sauti; ni bubu. Mwanaume anayemrudisha kwao anahatarisha maisha yake. Mwishoni anavuka mpaka kurudi India, amempa mgongo, umati uko kila upande, na mtoto hana namna ya kumwita. Kisha anamwita. Mwongozaji Kabir Khan angeweza kumponya mtoto huyo saa moja mapema hospitalini, na ingekuwa habari njema tu. Alichofanya ni kuishikilia sauti hiyo kama mtu anavyoshikilia fedha ya ada, aitoe siku moja, mahali pamoja.

Watafiti wakiongozwa na Alan Fiske wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wameipa hali hii jina *kama muta*. Msomaji wa Kiswahili asihangaike kutafuta Muta ni nani na nani amefananishwa naye. Ni Kisanskriti, maana yake kuguswa na upendo. Wanaieleza kuwa ni hisia inayokuja pale ukaribu kati ya watu unapoongezeka kwa ghafla: machozi, joto la kifua, vinyweleo kusimama, na yote hupita haraka. Neno muhimu kwa mhariri ni ghafla. Wapendanao wanaokumbatiana filamu nzima hawamlizi mtu.

Nyumbani, mfano ninaowapa wanaoanza kazi hii ni *Supa Modo* ya Kenya, ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa tamasha la Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anachotaka ni kuwa shujaa wa filamu. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimwaminishe kwamba ana nguvu za ajabu. Ugonjwa tumeambiwa mapema, kwa hiyo si siri na hauwezi kutushtua. Kinachotushtua ni watu wazima wenye shughuli zao wanaokubali kuonekana wajinga kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kibanda umiza na sauti ya msimulizi

Sehemu kubwa ya watazamaji wetu wameziona filamu hizi zikiwa zimetafsiriwa juu kwa juu: mtindo wa Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, na ma-VJ wa Uganda. Ni sanaa kamili na sitaidharau. Lakini ina athari moja ya kiufundi: msimulizi hujaza ukimya, na ukimya ndio chombo cha kulizia. Sekunde tatu ambazo mhusika anaangalia chini bila kusema, msimulizi anasema "hapa sasa jamaa amekumbuka mambo ya nyuma". Muziki nao unashushwa ili sauti yake isikike. Ndiyo maana filamu ileile humfanya mtu acheke kibandani na alie nyumbani. Msimulizi mwenye kipaji hulijua hili. Akifika mahali hapo hunyamaza, au hushusha sauti na kuongea polepole kama mtu anayetoa taarifa ya msiba kwenye simu.

Mezani

Namba zifuatazo ni kanuni zangu za kazi. Zivunje ukiwa na sababu.

Anza kwenye skripti. Chagua kitu kimoja kinachoshikika: kanga, kikombe, namna ya kupiga hodi. Kionyeshe mara mbili kabla ya tukio, mara ya kwanza bila kukitilia mkazo, mara ya pili kikiwa kwenye furaha au mzaha. Kati ya mara ya pili na ya tatu acha angalau dakika 15, mtazamaji akisahau. Kikionyeshwa karibu sana anaona mkono wako. Kikionyeshwa kwa picha ya karibu na muziki mara ya kwanza, umeshamwambia mwisho wa hadithi.

Siku ya kurekodi, kabla hamjafungasha vifaa, nyamazisheni watu wote na rekodini dakika moja ya sauti ya mahali penyewe: feni, kuku wa jirani, barabara ya mbali. Bila hiyo huwezi kutengeneza ukimya. Ukikata sauti yote hadi sifuri mtazamaji hasikii ukimya, anadhani spika imekufa, na anageuka nyuma kumwangalia fundi mitambo. Ukimya mzuri una pumzi. Kabla ya tukio, ondoa muziki na uache sauti hiyo peke yake kwa sekunde 2 hadi 4.

Muziki uingie baada ya tendo, usiingie kabla. Tendo limefanyika, mtazamaji amelielewa, hesabu sekunde moja au mbili, ndipo kinanda kianze kwa chini na kupanda taratibu kwa sekunde 3 hadi 5. Kama kuna maneno, muziki uwe chini ya sauti za wasemaji kwa takriban desibeli 15. Kosa ninaloliona zaidi katika filamu zetu za mtaani ni kinanda kuanza mgonjwa hata hajalazwa, na kuendelea hadi arobaini. Sikio linazoea muziki usiokoma kama linavyozoea jenereta. Utakapouhitaji hautakuwepo, maana haujawahi kuondoka.

Sasa lile nililoahidi kurudia. Mhusika akilia, mtazamaji hupumzika. Kazi imeshafanywa kwa niaba yake. Mhusika akijizuia, mtazamaji humsaidia. Katika rekodi tano za tukio moja, karibu kila mara natumia ile ambayo mwigizaji anapigana na uso wake, na ile aliyobubujikwa naiweka kando hata kama timu nzima iliipigia makofi. Uso huo ushikilie sekunde 5 hadi 8 bila kukata. Kilele kikipita, ongeza sekunde 3, kisha nenda kwenye picha ya mbali. Picha ya mbali inampa mtazamaji ruhusa ya kupumua, na hapo ndipo chozi lililokuwa limesimama kwenye kope hudondoka.

Kama machozi lazima yaonekane, jihadhari na gliserini. Hutiririka vizuri, ila jicho linabaki jeupe na pua kavu, na kila binadamu aliyewahi kulia anajua pua haibaki kavu. Kijiti cha mentholi cha wapambaji kikipakwa kidogo chini ya kope la chini, kisiguse ndani ya jicho, hutoa machozi ya kweli na wekundu wake kwa sababu mvuke huliwasha jicho. Kitunguu kiache jikoni. Humfumbisha mtu macho.

Mwendo wa polepole utumie mara moja kwa filamu au usiutumie. Picha za kumbukumbu za nyuma, zile za rangi ya kahawia, zina kazi pale tu zinapoonyesha kitu ambacho mtazamaji alikiona lakini hakukielewa. Kumrudishia alichokiona dakika kumi zilizopita ni kumwambia humwamini. Na vifo: kimoja kinatosha. Filamu inayomuua mama, kisha mtoto, kisha mchumba, inafika mahali watu wanaanza kuhesabu nani amebaki.

Ukipeleka kazi YouTube kumbuka mambo mawili. Mtandao huo hupunguza sauti inayozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), wala hauongezi iliyo chini, kwa hiyo ukipandisha kila kitu kiwe kikubwa, kitashushwa chote na tofauti kati ya kelele na ukimya imekufa. Pili, spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti nzito. Mnong'ono wa baba anayekata roho unaosikika vizuri studio unaweza kupotea kabisa mkononi. Lisikilize tukio kwenye simu ya kawaida, sebuleni, kabla hujalifunga.

Jaribio la kwanza ni kutazama tukio bila muziki wowote. Kama halikugusi likiwa kavu, muziki hautaliokoa. Tatizo liko dakika 40 nyuma, mahali ulipotakiwa kupanda kitu na hukupanda. Jaribio la pili ni watu watano au sita walioitazama filamu tangu mwanzo. Usiwaonyeshe kipande peke yake. Kaa pembeni uwatazame wao, siyo kioo: simu zinazimwa? Kuna anayemeza mate? Mkono unaenda usoni? Baadaye usiwaulize kama wamelia, watakudanganya kwa adabu. Waulize walikuwa wanamfikiria nani. Mtu akimtaja mama yake mwenyewe badala ya mhusika, tukio limefanya kazi.

Kwa anayetazama

Maabara za saikolojia zimekuwa zikitumia filamu kuwahuzunisha watu kwa kipimo. James Gross na Robert Levenson walichapisha mwaka 1995 orodha ya vipande vilivyojaribiwa, na kwa huzuni walipendekeza *Bambi* na *The Champ* ya mwaka 1979, filamu ya bondia na mwanawe mdogo. Kipande cha *The Champ* hakifiki dakika tatu. Kwa nini kinafanya kazi hata kikiwa kimekatwa peke yake, kinyume na nilichosema sasa hivi? Kwa sababu mtoto yule anamwamsha baba aliyekufa, na kati ya kumwamsha mpendwa na kutoitikiwa hakuna kinachohitaji kutayarishwa. Kila mtu amekuja nacho kutoka nyumbani. Ni jambo lilelile la Simba na Mufasa.

Watafiti haohao walionyesha mwaka 1997, kwa wanawake 180, kwamba kuficha hisia usoni wakati wa filamu ya huzuni hakupunguzi huzuni yenyewe, ila kunaongeza kazi ya moyo na mishipa. Kwa hiyo kujikaza kunamfaa jirani yako wa kiti, si wewe. Kama lazima ujizuie, mbinu yenye nafuu ni kubadilisha unachokifikiria: hesabu mikato, tafuta taa imewekwa upande gani, jiulize muziki uliingia sekunde gani. Wahariri huangalia filamu hivyo kila siku, na ndiyo bei tunayolipa.

Na usitegemee kujisikia vizuri papo hapo. Utafiti wa mwaka 2015 wa Asmir Gračanin, Ad Vingerhoets na wenzao uliwaonyesha watu *La vita è bella* na filamu ya Hachi, yule mbwa wa Kijapani aliyemsubiri bwana wake stesheni kwa karibu miaka kumi. Waliolia walitoka wakiwa na hali mbaya zaidi kuliko walivyoingia. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi mahali pao. Baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya filamu.

Wenye kumbi na vibanda wana sehemu yao. Msiwashe taa herufi za kwanza za majina zinapotokea, na msiruke moja kwa moja kwenye tangazo la filamu ya kesho. Acheni giza na muziki wa mwisho kwa dakika mbili. Watu wanahitaji muda wa kutafuta leso, na wasio na leso wanahitaji muda wa kutumia ukosi wa shati.